Niko Würzburg, ndani ya kanisa kuu la mji rafiki wa Mwanza

Mwangaluka, watu wangu wa Mwanza! Igoma, Nyegezi, Kirumba, na nyie wa ng'ambo kule Sengerema, wote nawasalimu. Leo siko Hamburg. Nimechukua likizo nikashuka kusini mwa Ujerumani mpaka Würzburg, na minara hii hapa nyuma yangu ni ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Kilian.

Najua wengi mliniomba niende Paris. Paris tutafika. Lakini huu ni mji rafiki wa Mwanza tangu 1966, na mimi nimekulia Mwanza, nimesoma Mwanza, bila mtu kuniambia. Nataka vijana wetu wajue.

Haya, tuingie. Nashusha sauti, kuna watu wanasali.

Ujenzi ulianza karibu mwaka 1040, enzi za Askofu Bruno, na urefu wake unapita mita 100. Kilian alikuwa mmisionari kutoka Ireland, akauawa hapa pamoja na wenzake Kolonat na Totnan mnamo 689. Kumbe na hawa waliletewa Injili na wageni, kama wenzetu wa Bukumbi, kule kwetu Mwanza, walivyoipokea kwa wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, mwaka 1883.

Sogeeni hapa kwenye nguzo. Huyu ni Askofu Rudolf von Scherenberg, alifariki 1495 akiwa mzee sana. Ameshika fimbo ya kiaskofu na upanga, maana alikuwa mchungaji na mtawala kwa pamoja. Aliyemchonga ni Tilman Riemenschneider. Ngoja nisogeze kamera usoni. Mnaona mashavu yalivyobonyea? Na ngozi chini ya macho ilivyolegea? Hili ni jiwe, marumaru nyekundu, lakini ukikaa mbele yake unataka kumwamkia: shikamoo babu. Angeweza kumchonga kijana mzuri akamfurahisha kila mtu. Amemwachia uzee wake, na mimi kwa heshima hiyo namvulia kofia.

Sasa tazameni juu. Dari hii bapa ni ya baada ya vita. Usiku wa tarehe 16 Machi 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mji huu kwa dakika kama 20 tu. Walikufa watu wapatao 5,000, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikateketea, kanisa hili nalo likaungua. Mwaka uliofuata sehemu ya kuta ikaporomoka. Mpaka leo, kila tarehe hiyo usiku, kengele za makanisa yote ya mji hupigwa.

Kanisa liliwekwa wakfu upya mwaka 1967. Sikilizeni hapo: urafiki na Mwanza ulifungwa 1966. Yaani mafundi walikuwa bado kazini humu, na watu hawa tayari wanatafuta ndugu kwenye Ziwa Victoria. Mtu ambaye nyumba yake haijamalizika kuezekwa, anakumbuka kupiga hodi kwako! Hilo limenigusa kuliko kitu kingine chochote katika safari hii.

Halafu mjue, ni mji huuhuu ambako Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Ukipigwa picha ya kifua pale hospitali ya Bugando, ilianzia hapa.

Nawaomba jambo moja. Kama mzazi wako aliwahi kupokea wageni wa Würzburg, au alikuja huku, mkalishe chini akusimulie, umrekodi, unitumie. Nataka kurudi tarehe 8 Julai, sikukuu ya Kilian, nikiwa na sauti za wazee wetu kwenye simu niwasikilizishe wenyeji wa hapa.