Wakili Aliyechagua Kaburi Lake

Haya wapendwa, mnanisikia? Upepo wa Pennsylvania, huku Marekani, leo hauna adabu, vidole vimekufa ganzi. Niko Lancaster, kona ya mitaa ya Chestnut na Mulberry, na hapa nyuma yangu ni makaburini. Mama, usishtuke, sijafiwa.

Nimemfuata huyu mzee, Thaddeus Stevens. Wakili, mbunge, mdomo wembe. Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda. Baba akaitelekeza familia, mama akahangaika hadi kijana akasoma. Mwaka 1816 akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg.

Sasa tulieni, maana hapa wanaomsifia huwa wanaparuka. Mwaka 1821 alisimama mahakamani upande wa mwenye watumwa! Mama mmoja mweusi, Charity Butler, alikuwa anadai uhuru wake. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa aliyeletwa humu akikaa miezi 6, basi, yuko huru. Stevens akajenga hoja kwamba ukija, ukaondoka, ukarudi, siku hizo hazijumlishwi; lazima miezi 6 iwe mfululizo. Akashinda. Charity na wanawe wakabaki utumwani. Mimi nikiisoma hiyo kesi tumbo linanikata.

Na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuwatetea watumwa waliotoroka, bila kuwatoza senti. Akawa mwiba kwa wenye watumwa, kiasi kwamba jeshi la Kusini, lililopigania utumwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilipopita mwaka 1863 lilichoma kiwanda chake cha chuma. Makusudi kabisa.

Wenzangu mliozalia huku, sogeeni. Mwanangu ana pasipoti ya Marekani, mimi mama yake nina makaratasi tu. Hiyo ni kazi ya Marekebisho ya 14 ya Katiba: ukizaliwa hapa, wewe raia. Stevens alikuwa mstari wa mbele kuyapitisha bungeni mwaka 1866, japo aliyaona mepesi mno. Akasema anayakubali hivyohivyo kwa sababu anaishi na wanadamu, siyo malaika. Yakaidhinishwa Julai 1868. Yeye akafariki Agosti.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona maandishi? Anasema hakulala hapa kwa kupenda upweke, ila makaburi mengine yalikuwa na masharti ya rangi ya ngozi, naye alitaka hata kifo chake kioneshe alichokipigania: usawa wa binadamu mbele ya Muumba. Mtu mzima anagombana na majirani mpaka kaburini! Nampenda kwa hilo.

Kuna mtu sijamtaja. Lydia Hamilton Smith, mama wa damu mchanganyiko, ndiye aliyemtunzia nyumba miaka kama 20, na mji mzima ukinong'ona. Mzee alimwachia fedha kwenye wosia, naye akainunua nyumba ileile. Hayupo hapa, alikuwa Mkatoliki, wamemzika St. Mary's, humuhumu mjini. Subirini niwashe gari.