Mdudu-kibibi Shambani: Usihesabu Madoa Pekee

BARASA: Dada Chebet, huyu mdudu-kibibi uliyemleta kwenye chupa umemtoa wapi?

CHEBET: Kwenye sukuma wiki, hapa hapa Njoro. Upande wa chini wa jani ulikuwa umejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, naye yuko katikati yao anakula. Hebu mtazame. Mabawa magumu ni meusi, yana mabaka ya rangi ya chungwa, na mengine yamepinda kama mwezi mwandamo.

BARASA: Na anang'aa! Ni milimita sita hivi?

CHEBET: Sita, au zaidi kidogo. Wanasayansi humwita Cheilomenes lunata. Fabricius ndiye aliyempa maelezo ya kwanza mwaka 1775, na Afrika yetu hii ni wa kawaida sana.

BARASA: Wasikilizaji wakitutumia picha, swali ni lile lile: ana madoa mangapi?

CHEBET: Hapo ndipo wengi hupotea, kaka. Chukua Harmonia axyridis, mgeni kutoka mashariki mwa Asia ambaye ameshaonekana Kenya. Mmoja ni mwekundu mwenye madoa meusi hadi 19, mwingine ni mweusi mwenye mabaka mekundu, na wawili hao wanaweza kuwa wa mama mmoja. Tena kibibi yeyote akitoka tu kwenye pupa, lile ganda ambamo buu hugeuka mdudu kamili, huwa wa manjano hafifu, laini, rangi zake hazijakolea. Ukimpiga picha saa hiyo, utampa jina lisilo lake.

BARASA: Basi mtu aangalie nini?

CHEBET: Aanze na kile kipande kati ya kichwa na mabawa. Kwa Harmonia wale wekundu, mara nyingi hapo pana alama nyeusi kama herufi M juu ya rangi nyeupe. Kisha amgeuze aone rangi ya tumbo na ya miguu. Watu hawamgeuzi, na huko chini kuna habari nyingi.

BARASA: Na wale wanaokula majani? Mama mmoja wa Molo aliniambia vibibi wamemmalizia viazi.

CHEBET: Namwamini. Kuna kundi la kina Epilachna, wanapenda viazi, biringanya, maboga. Mgongo wao una vinyweleo vifupi, kwa hiyo hawang'ai. Buu lao lina miiba yenye matawi, na jani hubaki wavu wa mishipa. Ila kuna vibibi wadogo mno, milimita mbili tu, wenye vinyweleo pia, na hao ni wawindaji. Ndiyo maana nasema tazama na jani lenyewe limeliwaje.

BARASA: Buu la huyu wa kwenye chupa likoje?

CHEBET: Hapo ndipo ninapoumia. Ni refu, jeusi lenye alama za manjano, miguu sita iko mbele, halina mabawa, linakimbia huku na huku. Mkulima akiliona anadhani ni adui, anachukua bomba la dawa. Kumbe lenyewe ndilo linakula vidukari kutwa! Na mayai yake, yale ya manjano yaliyosimama wima kwa fungu, yanaangamia pamoja nalo. Vidukari wachache wakibaki hawangoji dume. Majike huzaa watoto hai peke yao, na muda si mrefu shamba limejaa tena.

BARASA: Anayetaka kututumia picha afanyeje?

CHEBET: Amweke kibibi kwenye friji dakika chache atulie. Apige picha juu, mbele na tumboni, kando aweke rula. Aandike mahali, tarehe na mmea. Kibibi akitoa majimaji ya manjano, mpiga picha asishtuke. Ni damu yake, huitoa kwenye maungio ya miguu kujikinga. Anawe mikono tu.

BARASA: Na jina litapatikana?

CHEBET: Si kila mara. Aina nyingine hazitenganishwi kwa picha. Mtaalamu humpasua dume, akatazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Ukifika hapo, andika jina la jenasi, yaani kundi la aina zinazokaribiana, uachie hapo. Hilo nalo ni jibu sahihi.