Yaya, fimbo ya mpera na Amri Kumi

ELIA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Nilikuwa nimepanga kuwaachia leo mafunzo matatu kuhusu kazi ya torati, yaani sheria ya Mungu, katika wokovu, nami nimeyaandika kwenye karatasi hii, lakini kwanza niseme kilichonipata Jumanne jioni. Binti yangu, anayejiandaa kwa kipaimara, alikuwa akikariri Amri Kumi jikoni, akakomea kwenye amri ya nane na kuniuliza: "Baba, kama tunaokolewa kwa neema, mbona ninalazimishwa kuzikariri hizi?"

WANJIKU: Nawe, Mlutheri wa Machame, ulimjibu nini?

ELIA: Nilimwambia amalize kwanza kuosha vyombo.

WANJIKU: Kwa hiyo ulimjibu kwa sheria.

ELIA: Nilikuwa nikitafuta muda wa kufikiri, dada Wanjiku. Usiku nilifungua Wagalatia 3:24, pale Paulo anaposema kwamba torati imekuwa "kiongozi kutuleta kwa Kristo". Neno la Kigiriki alilolitumia ni paidagogos, na huyo hakuwa mwalimu. Alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyekabidhiwa mtoto wa bwana wake ili amsindikize shuleni, amchunge njiani na kumrudi akipotoka. Nilimkumbuka yaya wetu, aliyenipeleka darasa la kwanza kila asubuhi akiwa na fimbo ya mpera.

WANJIKU: Fimbo hiyo ilikuwa na urefu gani?

ELIA: Swali hilo halihusiani na wokovu.

WANJIKU: Linahusiana sana, kwa sababu nataka kujua ilikwenda wapi mlipofika shuleni.

ELIA: Alinikabidhi kwa mwalimu mlangoni, akaondoka na fimbo yake. Hivyo ndivyo ninavyoielewa sheria: hunifikisha kwa Kristo kwa kunionyesha kwamba sina haki yangu mwenyewe, kwa kuwa kutambua dhambi huja kwa njia ya sheria, kama Warumi 3:20 inavyosema, lakini haiingii darasani kunifanyia mtihani. Mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake.

WANJIKU: Hapo hatugombani, na Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, naye asingegombana nawe. Mimi nauliza juu ya kesho yake. Je, yaya hakurudi?

ELIA: Alirudi. Alirudi kila asubuhi kwa miaka miwili, maana nilikuwa na tabia ya kuchepukia mtoni kuogelea.

WANJIKU: Basi hapo ndipo penye neno. Calvin alitaja kazi tatu za sheria: kufichua dhambi, kuzuia maovu, na kumwongoza aliyekwisha kuamini; akasema kwamba iliyo kuu ni hiyo ya tatu. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, mafundisho ya maswali na majibu ya makanisa yanayomfuata Calvin, hata haizifafanui Amri Kumi katika sehemu ya dhambi. Imeziweka katika sehemu ya mwisho, ile ya shukrani. Mtoto aliyekwisha kuandikishwa hashikwi mkono ili apokelewe shuleni, hushikwa kwa sababu yeye ni wa shule hiyo. Yaya anarudi, ila fimbo ameiacha nyumbani.

ELIA: Yaya wangu hakuwahi kuiacha nyumbani.

WANJIKU: Simzungumzii yaya wako.

ELIA: Mimi ninamzungumzia, maana ndiye niliyemjua. Melanchthon, mwenzake Luther, aliandika mwaka 1531, katika utetezi wake wa Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, kwamba sheria hushtaki daima. Nikiambiwa nimpende jirani yangu kama nafsi yangu, sisikii tu maelekezo ya njia; nasikia pia orodha ya majirani niliowapita wiki hii bila kuwasalimu.

WANJIKU: Na mtunga Zaburi ya 119 aliposema, "Sheria yako naipenda mno ajabu", alikuwa akisikia mashtaka? Isitoshe, Walutheri wenyewe, katika hati yao ya mapatano ya mwaka 1577, wameikiri hiyo kazi ya tatu.

ELIA: Isome hadi mwisho. Hati hiyo inaufananisha utu wa kale, ambao waamini wangali nao, na punda mkaidi anayepaswa kulazimishwa kwa sheria, na mara nyingi kwa rungu la adhabu.

WANJIKU: Kumbe tumetoka kwenye fimbo ya mpera, tumefika kwenye rungu.

ELIA: Urefu wake haukutajwa.

WANJIKU: Ila hujanijibu, kaka. Ikiwa sheria haiwezi kusema na mtoto wa Mungu ila kwa kumshtaki, basi aliyehesabiwa haki anaishi kama mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, ilhali Warumi 8:1 inasema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.

ELIA: Na ikiwa ni mwongozo tu usioshtaki, mtu atajipima nayo, ataona anaendelea vizuri, na baada ya muda ataanza kuutegemea mwendo wake mwenyewe. Nimewaona wazee wa kanisa wa namna hiyo, na kuna miaka nilikuwa mmoja wao.

WANJIKU: Hicho ni kiburi, nacho hakikuletwa na sheria. Siwezi kumnyima mtoto mkono wa kushika kwa sababu mwenzake alijivuna.

ELIA: Nami siwezi kumwambia binti yangu kwamba mkono huo hauna fimbo.

WANJIKU: Basi tumekwama, na imebaki dakika moja. Karatasi yako bado imekunjwa.

ELIA: Funzo la kwanza linaanzia kwenye mkutano wa Yerusalemu wa Matendo 15, uliojadili kama waamini wasio Wayahudi, yaani Mataifa, ni lazima watahiriwe, na hapo dakika moja haitoshi hata kuwatahiri Mataifa, sembuse kuwaachilia. Tuyaache yote matatu.

WANJIKU: Na mtoto je?

ELIA: Darasa la kipaimara ni Jumamosi asubuhi. Nitamsindikiza mwenyewe, tuzungumze njiani.

WANJIKU: Ukiwa umeshika nini?

ELIA: Mwavuli, dada Wanjiku. Ni masika.