Mitungi ya Samaria: Hosea na swali la nani alitupatia chakula

Bwana asifiwe wapendwa. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja hata hamjala, kwa hiyo ntaenda kwenye point bila mbwembwe. Nilipewa mada ya ibada ya sanamu kwa manabii, nikaona tukigusa manabii wote tutaondoka mikono mitupu, tukae na Hosea peke yake mana huyu jambo lenyewe lilimwingia mpaka ndani ya nyumba yake: alioa mke asiye mwaminifu, na mke huyo akawa picha ya Israeli mbele za Mungu.

Tukisikia sanamu wengi tunapata picha ya mtu amemtupa Mungu kule, akaenda kupigia magoti gogo. Isaya anaichora hiyo picha vizuri sana, fundi anakata mti, nusu anaokea mkate na kuota moto, nusu iliyobaki anaichonga anaiomba imwokoe. Lakini watu aliokuwa anaongea nao Hosea hawakumwacha Yehova. Sabato walikuwa nazo, mwandamo wa mwezi, sikukuu, zote zimetajwa sura ya 2. Wao walimwongezea mwenzie tu.

Na tusiwahukumu haraka. Ile nchi ya Israeli haina mto kama Naili wa Misri, ni mvua au njaa. Baali kwa Wakanaani ndo alikuwa mwenye mvua, mpanda mawingu, na tunalijua hilo vizuri tangu 1929 walipoanza kuchimba Ras Shamra, pwani ya Siria, ulipokuwa mji wa Ugariti, wakakuta vibao vya udongo vyenye habari zake: akifa nchi inakauka, akiwa hai mbingu zinanyesha mafuta. Sasa mkulima kashapanda shayiri yake, anaangalia juu mbingu nyeupe wiki ya tatu, watoto wako ndani, jirani anamwambia kwani ukipeleka kidogo na kwa Baali unapungukiwa nini? Nani hapa angekataa? Mi mwenyewe sijui kama ningekataa.

Sasa hapa ndo nataka tukae. Mwaka 1910 wachimbaji waliokuwa Samaria, uliokuwa mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, walipata, eneo la ikulu ya wafalme, vigae vya mitungi iliyovunjika vimeandikwa kwa wino. Vinavyosomeka ni zaidi ya 60, vya karne ya 8 KK, karibu kabisa na enzi za Hosea. Si maombi wala hadithi, ni makaratasi ya stoo tu, tungesema delivari: mwaka wa 10, kutoka kijiji fulani, kwa fulani, mtungi wa divai ya zamani. Kingine, mtungi wa mafuta safi. Divai na mafuta jamani! Fungua Hosea 2 mstari wa 8, Mungu analalamika kwamba huyu mwanamke, yaani Israeli, hakujua kuwa mimi ndiye niliyempa nafaka, divai na mafuta. Ile mizigo anayoitaja nabii, risiti zake tunazo.

Afu angalia majina kwenye hivyo vigae. Kuna Gaddiyau, kuna Shemaryau, na hiyo "yau" mwishoni ni Yehova. Lakini kwenye mafungu hayohayo ya vigae kuna Abibaali, kuna Meribaali. Stoo moja, mfalme mmoja, huyu kapewa jina la Yehova na yule la Baali, na karani anaandika tu anaendelea na kazi, hakuna anayeshtuka. Hapo ndo ugonjwa ulipo.

Mtu ataniuliza, labda hao kina Abibaali walikuwa wanamaanisha Yehova? Inawezekana kabisa, mana baali kwa Kiebrania ni neno la kawaida, mwenye mali, bwana, na mke akimtaja mumewe ni baali. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana, bwana ni Mungu, bwana ni bosi, na dada akisema bwana wangu kasafiri tunaelewa anamsema nani. Basi Samaria mtu anaomba "ee bwana lete mvua" na hata yeye mwenyewe hajui tena anamwita nani. Ndo mana mstari wa 16 Mungu anasema siku hiyo utaniita Ishi, mume wangu, hutaniita tena Baali. Analiacha neno zuri kabisa, lenye heshima, kwa sababu limeshachanganyika na mwingine. Mi huu mstari kila nikiusoma unaniumiza.

Kwa hiyo kwa Hosea sanamu ni kesi ya ndoa. Agano ni viapo, nitakuwa wako utakuwa wangu, na aliyekulisha miaka yote anaona shukrani zinapelekwa nyumba ya jirani. Na watoto wa Hosea ndo walibeba majina: Lo-ruhama, hakuonewa huruma. Lo-ami, si watu wangu. Hebu fikiria jioni mama anatoka mlangoni anaita, we Si-watu-wangu, njoo ule.

Nisimame hapa kidogo, hasa kwa kina baba. Sura ya 2 ina maneno makali, kuvuliwa nguo, kufungiwa njia kwa miiba, na wako wanaume wameyachukua kama ruhusa ya kumtesa mke. Hapana. Waliokuwa na sauti Samaria, makuhani, wakuu, wenye mashamba, walikuwa wanaume, na Hosea amewaweka WAO kwenye nafasi ya yule mwanamke. Ukitoka hapa unamnyooshea mkeo kidole hujamsikia nabii.

Mwisho wa kisiasa mnaujua, ntapita haraka, wafalme wanne waliuawa na waliowarithi, leo wanakimbilia Misri kesho Ashuru, na 722 KK Samaria ikaanguka.

Ila sura ya 3 siwezi kuiruka. Mungu anamwambia nenda ukampende tena mwanamke mzinzi, na Hosea anaenda kumnunua. Bei imeandikwa, shekeli 15 za fedha na homeri, kipimo cha nafaka, moja na nusu ya shayiri. Kwa nini fedha na nafaka? Naona kama mtu aliyehesabu hela zake zikaishia njiani, akarudi ghalani kukomba na shayiri akaongezea. Nafaka ileile, jamani, ambayo mwanamke alikuwa anasema kapewa na wapenzi wake.

Akamwambia utakaa kwangu siku nyingi, nami nitakuwa hivyo kwako. Mwanamke alijibu nini hatuambiwi. Fungueni hapo, ni mistari 5 tu, dada wa pale mbele tusomee taratibu, afu tuanze maswali.