Manjano ya Maabara na Manjano ya Mgonjwa

Ndugu wasikilizaji, neno hili nimekwisha kulisema katika kumbi nyingi, na nitazidi kulisema maadamu bado napokea wagonjwa waliokatisha matibabu ya saratani kwa kuambiwa kwamba manjano yanatosha.

Kukumini, ambayo ndiyo inayoyapa manjano rangi yake, huua seli za saratani katika sahani ya maabara, hilo silipingi. Lakini seli iliyomo sahanini huloweshwa ndani ya kukumini, ilhali uvimbe uliomo kwenye kongosho hupata kile tu kilichovuka utumbo, kikasalimika na ini, kikafika katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kukumini, na katika damu yao hawakukuta kitu, au walikuta kiasi kidogo mno. Huko Houston, Marekani, wagonjwa wa saratani ya kongosho walimeza gramu 8 kila siku. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, kati ya wagonjwa 21 waliopimika, wawili tu walionyesha dalili ya kunufaika. Sasa tupige hesabu. Unga wa manjano una kukumini kiasi cha asilimia 3, kwa hiyo gramu 8 zinadai zaidi ya robo kilo ya unga kila siku. Ni nani kati yenu anayetia robo kilo ya manjano katika mchuzi wake?

Mtaniambia tuchanganye na pilipili manga. Ni kweli, watafiti wale wale wa Bangalore waliongeza piperini, ambayo ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake, na kiasi cha kukumini kilichofika katika damu kikapanda mara 20 hivi. Hata hivyo, mara 20 ya kitu kilichokaribia sifuri bado ni kidogo, na piperini hiyo hiyo hulizuia ini lisizivunje dawa nyingine, jambo ambalo kwa mgonjwa anayetibiwa kwa dawa kali za saratani ni hatari.

Wala msiseme kwamba hospitali zinadharau mitishamba. Vinkristini, tunayowatibia watoto wenye saratani ya damu, ilitoka katika ua la Madagaska, jirani zetu; ilitengwa, ikapimwa, ikajaribiwa kwa watu, ndipo ikaitwa dawa. Kukumini nayo imejaribiwa: mapitio ya mwaka 2017 yalihesabu majaribio zaidi ya 120, na waandishi wake hawakuona hata moja lenye udhibiti kamili, yaani linaloilinganisha kukumini na dawa bandia bila mgonjwa wala mtafiti kujua nani kapewa ipi, lililofaulu.

Nilikusudia kueleza pia jinsi vidonge vya kukumini vilivyowahi kudhuru ini, lakini muda umekwisha. Anayevimeza amwambie daktari wake kabla ya dozi inayofuata.