Themometa Tatu za Mjomba

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna mambo manne kuhusu leukemia sugu ya limfositi, yaani aina ya saratani ya damu, na kinga ya mwili. Ila Bakari, hebu anza na mjomba.

BAKARI: Jumanne nimemsindikiza kliniki. Majibu yakatoka: seli nyeupe 80,000 kwa mikrolita, wakati mtu mzima kwa kawaida hazizidi 11,000 hivi. Mzee akafurahi! "Basi mafua hayanipati tena."

ZUHURA: Jamani. Kumbe ndizo zinazomdhoofisha.

BAKARI: Ndizo hizo. Ni limfositi B, seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, protini za kupambana na vijidudu. Hizi zimezaana kutokana na seli moja iliyoharibika. Kingamwili hazitengenezi inavyotakiwa, na limfositi T, seli nyeupe nyingine za kinga, nazo zimechoka. Daktari akamwambia, joto likifika 38 aje hospitali, asingoje kukuche. Alipotoka hapo akanunua themometa tatu.

ZUHURA: Tatu za nini?

BAKARI: Moja mfuko wa shati, moja bafuni, moja chini ya mto. Mazungumzo yanaendelea, yeye anajipima.

ZUHURA: Kwapani?

BAKARI: Mdomoni! Juzi amemaliza tu kunywa maji ya moto, ikasoma 38.4. Nafika, nakuta ameshavaa viatu.

ZUHURA: (anacheka) Mwambie akishakunywa cha moto asubiri nusu saa. Lakini nampenda, amelichukulia jambo kwa uzito.

BAKARI: Mpaka mjukuu alipokuja na mafua. Nimemzuia mlangoni.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe. Mpaka lini?

BAKARI: Mpaka apone.

ZUHURA: Watoto hawaishiwi mafua, Bakari. Na ugonjwa huu wengi hukaa nao miaka bila dawa, wanafuatiliwa tu. Utamfungia mzee miaka yote hiyo?

BAKARI: Zuhura, maambukizi ni katika sababu kubwa zinazowaua wagonjwa hawa. Mafua ya mtoto kwake yanaweza kuwa nimonia.

ZUHURA: Barakoa, mikono inaoshwa, madirisha wazi, chanjo.

BAKARI: Chanjo hiyo hiyo? Utafiti wa Israel wa 2021: wagonjwa 167 walipata dozi mbili za Korona, 39.5% tu ndio waliotengeneza kingamwili.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema wachanjwe wanaomzunguka, si kufukuzwa. Mzee asiyeona wajukuu naye anadhoofika.

BAKARI: Atawaona dirishani.

ZUHURA: Dirishani! Mjomba mwenyewe ameulizwa?

BAKARI: Hajaulizwa. Na sitamuuliza wakati mtoto anakohoa.

ZUHURA: Mimi ningemuuliza kwanza.

BAKARI: Mimi mlango sifungui.

ZUHURA: Haya. Dakika zetu zimekwisha, hatujagusa dripu za kingamwili wala mkanda wa jeshi.

BAKARI: Moja tu msiondoke bila kulisikia: chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, mgonjwa huyu hapewi. Anayekuchoma aambiwe una leukemia kabla hajafungua kichupa.

ZUHURA: Hilo tunakubaliana. Mengine wiki ijayo.