Jiwe kwenye Rafu ya Jikoni: Mhadhara juu ya Astrid Lindgren

Walimu wenzangu, wazazi wangu, shikamooni, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie mwandishi wa vitabu vya watoto, nami nimemchagua Astrid Lindgren wa Uswidi. Alizaliwa mwaka 1907, mtoto wa wakulima, kando ya mji mdogo wa Vimmerby. Akiwa na miaka 18 alipata mimba nje ya ndoa, akahamia Stockholm kuyakimbia maneno ya watu. Mwanawe Lars alizaliwa Copenhagen, Denmark, Desemba 1926, akabaki huko kwa mama mlezi karibu miaka mitatu. Astrid alikuwa mpiga chapa wa mshahara mdogo, akijibana ili apate nauli ya treni ya kwenda kumwona. Wengi wanaomsimulia hupapita hapa mbio wafike kwenye umaarufu. Mimi naamini wale watoto wapweke waliojaa vitabuni mwake wametoka hapa, kwa mama aliyemuaga mwanawe mara nyingi kuliko alivyomlaza.

Mwaka 1941 binti yake Karin aliugua nimonia, akaomba asimuliwe habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni palepale kitandani. Pippi ana miaka tisa, anaishi bila mama wala baba, ananyanyua farasi mzima, na hakuna mtu mzima anayemtisha. Mwaka 1944 Astrid aliteleza kwenye theluji akateguka mguu, na kule kulazimika kulala ndiko kulikompa nafasi ya kuandika. Mchapishaji wa kwanza alimrudishia mswada. Kitabu kikatoka 1945 kwa mchapishaji mwingine.

Lakini kilichonileta hapa ni hotuba yake ya mwaka 1978, alipopewa tuzo ya amani ya wachapishaji wa Ujerumani, mjini Frankfurt. Waandaaji waliisoma kabla, wakamwomba apokee tuzo na kushukuru tu. Akawajibu kwamba kama ni hivyo hatakuja. Basi akaachwa aseme.

Alisimulia habari ya mama mmoja kijana, zama ambazo fimbo ilihesabiwa ndiyo malezi. Siku moja alimtuma mwanawe mdogo nje akatafute mwenyewe fimbo ya kuchapiwa. Mtoto alikawia sana. Aliporudi alikuwa analia, mkononi ana jiwe. Fimbo sijaiona, alimwambia mama yake, lakini hili unaweza kunirushia. Mama naye akalia, akamkumbatia, kisha akaliweka lile jiwe kwenye rafu ya jikoni, lisiondoke machoni pake.

Mwaka uliofuata, 1979, Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kwa sheria kuwachapa watoto, hata nyumbani.

Nilipousoma mkasa huo kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi kazini, na fimbo yangu ya mpera ilikuwa juu ya kabati la darasa. Kesho yake asubuhi niliwakuta watoto wameketi kimya, na wawili wa mbele wanaitazama fimbo kabla hawajanitazama mimi.